Window Mpya, Kompyuta Kuukuu: Nani Analipa Gharama Njombe na Makambako?

Naandika hii nikiwa Makambako, kwenye steshenari ninayoshinda siku nyingi tangu nimalize form four. Kibodi ninayotumia imefutika herufi, nabonyeza kwa mazoea tu, kwa hiyo mkikuta makosa mnisamehe.

Leo siongelei siasa. Au labda naongelea, mtaamua wenyewe mkifika mwisho.

Juzi kati hapa alikuja kaka mmoja kutuma maombi kwenye Ajira Portal. Vyeti vyake viko kwenye bahasha ya kaki, namba ya NIDA kaiandika kiganjani kwa peni. Kakaa, kafungua, anaendelea vizuri, mara ujumbe ukajaa skrini nzima: Windows 10 imefikia mwisho wa huduma, na kompyuta hii haina sifa za kupokea Windows 11. Kaka wa watu akatoa mkono kwenye mausi kama ameshika waya wa umeme. "Nimeharibu?" Nikamwambia hujaharibu kitu kaka, funga hapo, endelea. Akaendelea, akamaliza, akalipa, akaondoka.

Mama mwenye steshenari alikuwa anasikia yote. Akaniuliza, "Mwanangu, hiyo kompyuta inakufa?"

"Hapana mama, haifi."

"Kama haifi, mbona inaaga?"

Wadau, nilikosa jibu la haraka. Nimekaa nalo hilo swali, nimesoma, nimeuliza mafundi wa hapa na wa Njombe mjini, na nimefungua mashine mbili kwa mikono yangu. Haya ndiyo niliyoyapata.

KILICHOTOKEA HASA

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa apdeti za bure za kawaida kwa Windows 10, mfumo endeshi iliouzindua Julai 2015. Kuacha kutoa apdeti siyo kuizima. Kompyuta inawaka kama jana, Word inafunguka, printa inatoa karatasi. Kilichokoma ni kitu usichokiona kwa macho.

Chukulia banda la mbao, na sisi watu wa Njombe mbao tunazijua. Kila mwezi anapita fundi kuziba matundu ambayo panya wameyagundua. Oktoba 2025 fundi kaacha kupita. Banda halijaanguka, na unaweza kulala humo usiku wa leo bila shida. Ila panya hawajaacha kutafuta.

Na kuna jambo baya zaidi ambalo wengi hawalifikirii. Windows 10 na Windows 11 ni ndugu wa tumbo moja, sehemu kubwa ya vilivyomo ndani vinafanana. Kwa hiyo Microsoft wakitoa kiraka cha Windows 11, mwizi anakisoma kile kiraka, anaona tundu lilikuwa wapi, halafu anakwenda kujaribu kama lipo kwenye 10 pia. Yaani fundi wa jirani akiziba kwake, anamwonyesha panya pa kuingilia kwako.

Tusitishane lakini. Microsoft wenyewe walisema antivairasi yao ya Defender itaendelea kupokea orodha ya vairasi wapya kwenye Windows 10 mpaka Oktoba 2028, na brauza yao ya Edge nayo walau mpaka mwezi huo huo. Kwa hiyo anayekwambia uitupe kompyuta yako leo, mwangalie vizuri, huenda ana nyingine ya kukuuzia.

KWA NINI ZETU ZIMEKATALIWA

Hapa ndipo wengi wanapodanganywa. Utasikia "mashine yako ina RAM ndogo". Si kweli. Windows 11 inataka RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64 kwenye diski. Hivyo vitu mashine nyingi za steshenari tunavyo. Tunapogonga mwamba ni sehemu mbili.

Ya kwanza ni TPM 2.0. Hicho ni kifaa kidogo ndani ya kompyuta kinachotunza funguo za siri. Kompyuta nyingi za miaka ya 2012 mpaka 2015 zina TPM ya zamani, 1.2, au hazina kabisa.

Ya pili ni prosesa. Kwa Intel, Microsoft wanataka kizazi cha 8 kwenda juu, ukiacha chache sana. Jinsi ya kujua chako ni rahisi, angalia namba inayofuata baada ya i3, i5 au i7. Ukiona i5-4570, hiyo ni kizazi cha 4. Ukiona i5-6500, kizazi cha 6. Ukiona i5-8500, hongera, umepita. Kizazi cha 8 kilitoka mwaka 2017.

Sasa jiulize mashine zetu zimetoka wapi. Zimetoka maofisini Ulaya na kwingineko, zikatumika huko miaka mitano au sita, wakazibadilisha, zikashuka Dar kwenye makontena, mtu akanunua Kariakoo, zikapakiwa basi mpaka hapa njia panda ya Makambako. Nyingine zikabaki, nyingine zikapanda Coaster kwenda Njombe mjini, kama kilometa 60. Ni mtumba, kama koti ninalovaa asubuhi kwa baridi hii. Mtumba hauna dhambi. Ila mtumba wa kompyuta una tabia yake: unapoupokea wewe, saa yake ilishaanza kuhesabu zamani kule ulikotoka. Mashine ya 2013 iliyofika hapa 2020, kwa mwenye steshenari ni mpya, ana miaka mitano tu nayo. Kwa Microsoft ni kikongwe.

Na hatuko peke yetu. Kampuni ya utafiti ya Canalys ilikadiria mwishoni mwa 2023 kwamba kompyuta milioni 240 duniani zingeweza kugeuka taka kwa sababu ya Windows 10 kufika mwisho. Wenzetu wakiamua kuzitupa, mnadhani nyingi zitatupwa wapi? Zitakuja kwetu kwa bei ya kutupa, tutafurahi kwamba bei imeshuka, kumbe tumenunua zilezile zilizokataliwa. Kwa hiyo ukienda dukani uliza kizazi kwanza, bei baadaye.

TULISHAPITA HAPA

Wakubwa wetu wanaikumbuka Windows XP. Ilitoka Oktoba 2001, ikaachwa tarehe 8 Aprili 2014. Kafe nyingi ziliendelea nayo tu, na hakuna aliyekuja kufunga duka. Ikaja Windows 7, ikaachwa tarehe 14 Januari 2020. Nayo watu wakaendelea.

Ila kuna kitu nilikuja kukielewa baadaye. Mfumo endeshi ukiachwa, kompyuta haifi siku hiyo, bali inaanza kuachwa na marafiki mmoja mmoja. Rafiki mkubwa ni brauza. Februari 2023 Google walitoa Chrome namba 110, na hiyo haikukubali tena Windows 7. Kuanzia hapo aliyebaki na 7 akabaki na Chrome ya zamani, tovuti zikaanza kugoma moja baada ya nyingine. Mteja haoni Windows, anaona ukurasa unazunguka haufunguki. Anasema "hapa neti mbovu", anahamia jirani. Kumbe neti haina kosa.

Halafu kuna kisa cha WannaCry, Mei 2017. Ilikuwa vairasi inayofunga mafaili yako kisha inadai hela. Iliingia kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150, hospitali za serikali kule Uingereza zikaahirisha mpaka miadi ya wagonjwa. Watu wengi wanadhani waliopigwa ni wenye XP. Hapana. Wengi waliopigwa walikuwa na Windows 7, ambayo wakati ule bado ilikuwa inapewa apdeti, na kiraka cha lile tundu kilishatolewa Machi, miezi miwili kabla. Walikuwa na dawa ndani ya nyumba, hawakuinywa.

Na hapa, wadau, ndipo niseme ukweli ambao wenye steshenari wenzangu hawataupenda.

SISI APDETI TULISHAZIMA WENYEWE

Ndiyo. Nenda kafe yoyote, kaa, angalia. Kitu cha kwanza fundi anachofanya akishapiga window ni kuzima apdeti. Sababu inaeleweka. Apdeti inakula bando. Inakuja mteja akiwa na haraka, mashine inasema subiri asilimia 30. Umeme ukikatika katikati ya apdeti na huna UPS, kesho unamwita fundi upya. Nimezizima mwenyewe, sikatai.

Kwa hiyo hii Oktoba 2025 inayowatisha watu, kwa baadhi yetu ilishafika miaka mingi nyuma. Tofauti ni kwamba mwanzo tulikuwa na ufunguo wa kuiwasha tena tukitaka. Sasa na ufunguo umechukuliwa.

Na aliyekuwa anabeba hatari yote hiyo ni nani? Siyo mwenye steshenari. Yeye kompyuta ikiharibika anapiga window upya, nusu siku, kazi inaendelea. Siyo mimi, mimi nina simu yangu, email yangu naifungulia huko. Anayebeba ni yule anayekuja na bahasha ya kaki.

Hebu tuhesabu kinachopita kwenye mashine moja ya steshenari. Namba ya NIDA. Cheti cha kuzaliwa kinachohakikiwa RITA. Namba ya mtihani ya form four. Maombi ya mkopo wa HESLB yenye majina ya wazazi, wadhamini na namba zao za simu. TIN ya mfanyabiashara wa mbao. Pasiwedi ya email, ambayo kwa wengi wetu ni ileile ya kila kitu. Vyote hivyo kwenye kiti kimoja, na vyeti vilivyoskaniwa vinabaki kwenye desktop mpaka mtu akumbuke kufuta. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mimi si mwanasheria, sitaisoma hapa kwa vifungu. Nasema tu kwamba watunga sheria walishaona taarifa za mtu ni mali yake. Sisi wa steshenari bado tunaziona ni mafaili ya kujaza diski.

KISA KILICHONIAMSHA

Kuna mashine yetu moja, mwaka huo wa 2025, tuliilazimisha kwenda Windows 11. Fundi mmoja alikuja na flashi, akasema "hii imeshachakachuliwa, haiulizi TPM wala nini". Nusu saa ikawa tayari. Inang'aa, menyu iko katikati, wateja wakaipenda. Mimi mwenyewe nilijisikia niko Dar.

Sikujiuliza ile window imechakachuliwa na nani, na kwa faida gani. Kuna siku nikagundua Defender imezimwa, na ukiiwasha inajizima tena. Brauza ikaanza kufungua kurasa za kubeti zenyewe. Tukaipiga window upya, tukasahau.

Baadaye akaja dada mmoja, mteja wetu wa siku nyingi. Email yake ilikuwa imebadilishwa pasiwedi, hakuweza kuingia. Ilipopatikana, kwa shida na kwa msaada wa namba yake ya simu, ndani akakuta barua ya kuitwa usaili. Tarehe ilishapita kwa siku nne. Alikuwa anaitafuta hiyo kazi tangu amalize chuo.

Siwezi kuapa kwamba ni kompyuta yetu iliyovujisha. Huenda alifungulia kwingine, huenda alimpa mtu pasiwedi. Lakini pia siwezi kuapa kwamba si yetu, na hapo ndipo panaponiuma. Hakunilaumu. Alisema tu "ndiyo bahati yangu". Nikataka kumwambia dada, hiyo haikuwa bahati. Nikanyamaza.

Tangu siku hiyo nimeacha kuuliza "window gani ni mpya". Nauliza, ni nani anaziba matundu ya mashine hii, na anaziba lini. Kwa swali hilo nimezipitia njia nne zilizopo.

NJIA YA KWANZA: KUNUNUA NYINGINE

Kama unayo hela, nunua ya kizazi cha 8 kwenda juu, umemaliza, usibishane na mtu. Lakini steshenari yenye mashine sita kubadili zote kwa mkupuo ni mtaji wa duka jipya. Wengi hawawezi. Badili moja, uiweke iwe ndiyo mashine ya kazi nyeti: Ajira Portal, mkopo, benki, email. Zilizobaki zichape barua na kadi za michango ya harusi. Hiyo peke yake tayari ni hatua kubwa.

NJIA YA PILI: KULAZIMISHA WINDOWS 11

Inawezekana, na si lazima iwe ya kuchakachua. Unaweza kushusha faili la Windows 11 kwenye tovuti ya Microsoft wenyewe, ni zaidi ya GB 5, ukatumia programu ya Rufus kutengeneza flashi inayoruka masharti ya TPM na prosesa. Ukifanya hivi angalau unajua ulichoweka.

Shida ni kwamba Microsoft wamesema wazi mashine isiyo na sifa haihakikishiwi apdeti. Wengi waliolazimisha wamekuwa wakizipata zile za kila mwezi, ila kila toleo la Windows 11 ya Home lina uhai wa miezi 24 tu, na kuhamia toleo jipya kwenye mashine ya namna hii unarudia kulazimisha kwa mkono. Tena zile kongwe kabisa, Core 2 Duo na wenzake, kuanzia toleo la 24H2 haziwaki kabisa, maana prosesa zao hazijui baadhi ya amri. Kwa hiyo njia hii ni ya mtu anayefuatilia. Ukiwa ni wa kuweka na kusahau, umejenga banda jipya bila fundi wa kuziba matundu.

NJIA YA TATU: KULIPIA MUDA WA NYONGEZA

Microsoft walifungua mpango wa apdeti za nyongeza kwa Windows 10. Kwa mtu binafsi ulitangazwa kuwa wa mwaka mmoja, mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Mtu anajiandikisha kwa akaunti ya Microsoft, ama bure akikubali mipangilio yake ihifadhiwe kwao, ama kwa dola 30, ambazo ni zaidi ya shilingi elfu 70. Kwa mwanafunzi mwenye laptopu yake ya kizazi cha 6 au 7, hiyo ilikuwa nafasi nzuri sana ya kupumua.

Lakini soma vizuri: huo ni mpango wa watu binafsi. Biashara ina bei yake, dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na bei inakwenda mara mbili kila mwaka, mpaka miaka mitatu. Piga hesabu. Mashine sita mwaka wa kwanza ni dola 366. Ukimaliza miaka yote mitatu, mashine moja imekula 61, 122 na 244, jumla dola 427. Kwa dola 427 hubaki na kompyuta ya mwaka 2013. Hiyo bei imepangwa kwa ajili ya benki na mashirika, siyo kwa mama wa Makambako mwenye mashine sita na printa moja.

Ndiyo maana mwanzoni nilisema labda naongelea siasa. Uamuzi unakatwa Marekani, hesabu inaletwa kwa mtu ambaye hakuwahi kuwemo kwenye hesabu. Na mimi sisemi Microsoft walazimishwe kulea kompyuta milele, miaka kumi si haba. Nasema tu tujue kwamba sisi hatukufikiriwa, kwa hiyo tujifikirie wenyewe.

NJIA YA NNE: LINUX

Najua wengine hapa mtafunga ukurasa. Subirini kidogo.

Linux ni mfumo endeshi wa bure, na bure hapa maana yake hakuna cha kuchakachua, kwa hiyo hakuna wa kukuwekea sumu kwa kisingizio cha kukusaidia. Tulijaribu Linux Mint 22, ile ya Xfce ambayo ni nyepesi. Faili lake ni chini ya GB 3. Wanasema RAM ya GB 2 inatosha na GB 4 ndiyo ya raha. Apdeti zake zimeahidiwa mpaka 2029. Haiulizi TPM, haiulizi kizazi. Inataka tu prosesa ya biti 64, na hizo ndizo tulizonazo karibu wote.

Tulichukua mashine mbili zilizokuwa zimekataliwa, kizazi cha 4. Tukatoa diski ya kuzunguka, tukaweka SSD ndogo, RAM tukaifikisha GB 8 kwa kuhamisha kutoka mashine iliyokufa. Jamani, ile SSD! Kama una hela ya kitu kimoja tu, nunua SSD. Mashine iliyokuwa inawaka huku unakwenda kununua vitumbua na kurudi, sasa ukikaa tu iko tayari.

Sasa mazuri na mabaya, bila kuficha. Ajira Portal inafunguka, tovuti ya HESLB inafunguka, Gmail inafunguka, maana brauza ni zilezile, Firefox na Chrome. Wateja wengi hawakugundua kitu, walikaa wakafanya kazi zao wakaondoka. Mabaya: printa yetu moja iligoma, nikahangaika nayo siku mbili, mwisho tukaiacha kwenye mashine ya Windows. Ile programu ya kuhesabu dakika za wateja haikukubali, tukarudi kwenye daftari na saa ya ukutani. Kadi za harusi zilizotengenezwa kwenye Publisher zinavurugika. Na barua iliyoandikwa Word ukiifungua na LibreOffice, mara nyingine jedwali linahama ukurasa. Dawa yake nimeipata: mteja akimaliza, mpe PDF. Haihami.

Apdeti za Linux nazo zinakula bando, msidanganyike. Ila haikukatizi mteja akiwa kazini. Tumepanga Jumapili jioni, duka limefungwa, naziwasha zote mbili, zinashusha, naondoka.

MBONA HATUKUANZA ZAMANI?

Hili ndilo linalonishangaza. Tanzania hii tulishaanza! Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi uliojulikana kama Kilinux, ukisaidiwa na Waswidi, na Desemba 2004 ukatoa Jambo OpenOffice, programu ya bure ya kuandika barua na mahesabu, menyu zote kwa Kiswahili. Mwaka huohuo na Microsoft nao wakatangaza kwamba wataweka Kiswahili kwenye Windows na Office. Ukifikiria, tulikuwa tunagombewa.

Miaka imepita. Niulizeni mimi niliyemaliza shule, hiyo Jambo nilifundishwa lini. Sikuwahi hata kuisikia mpaka nilipoanza kusoma kwa ajili ya makala hii. Nionavyo mimi, programu haikushindwa kwa ubaya wake. Ilishindwa kwa sababu mtu aliyekaa kwenye kibodi alifundishwa Word, cheti chake kimeandikwa Word, tangazo la kazi linasema ajue Word, na fundi wa mtaani anajua kupiga window. Window ya kuchakachua nayo ilikuwa "bure" vilevile. Kwa nini uhangaike na bure ya kujifunza wakati bure ya kuiba unaijua? Bili ya ile bure ya kuiba ndiyo hii tunayoletewa sasa. Na anayeilipa ni yule dada.

SASA TUFANYEJE

Kwa wewe mteja: ukikaa kwenye kompyuta ya steshenari, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, bonyeza Enter. Itakwambia ni window gani. Halafu muulize mhudumu, kwa heshima, apdeti zinawashwa lini. Akikushangaa, basi kazi ya pasiwedi usifanyie hapo, fungua email kwenye simu yako. Weka uthibitisho wa namba ya simu kwenye email yako leo, huo ndio uliomwokoa dada kupata akaunti yake. Na ukimaliza, futa vyeti vyako kwenye desktop, halafu ukafute na kwenye Recycle Bin.

Kwa wenye steshenari: apdeti muihesabu kama toneri. Hakuna anayelalamika kununua toneri, kwa sababu bila toneri karatasi inatoka nyeupe na mteja anaona. Apdeti mteja haioni, ndiyo maana tunaiiba humo humo. Wekeni mashine moja safi ya kazi nyeti, iwe ya kizazi cha 8 au iwe Linux, shauri lenu, ila iwe na mtu wa kuziba matundu.

Kwa mafundi: mkija na flashi, semeni kilichomo ndani. Mnawekewa imani kubwa kuliko mnavyojua.

Mama nilimpa jibu lake jana jioni tukifunga. Nikamwambia, mama, kompyuta haiagi. Anayeaga ni mlinzi. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi tutafute mlinzi mwingine, duka haliwezi kulala wazi." Leo asubuhi kanipa hela ya SSD ya tatu.

Nawasilisha. Wa Njombe mjini, Ludewa, Makete, Wanging'ombe, semeni huko kwenu hali ikoje, na kama kuna aliyefanikiwa kuiamsha ile printa kwenye Linux, naomba msaada wake hapo chini kwenye maoni. Tupo pamoja.